Maili Kumi ni Kilomita Ngapi? Majina ya Vipimo vya Urefu na Historia Yake katika Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo ambalo aghalabu huachiwa walimu wa hesabu, nalo ni kugeuza vipimo vya urefu kutoka mfumo wa Kiingereza wa inchi, futi, yadi na maili hadi mfumo wa mita. Kwa mwanahesabu kazi hii haina utata. Kwa makubaliano ya mwaka 1959 baina ya Uingereza, Marekani na mataifa mengine kadhaa, yadi ni mita 0.9144 kamili, kwa hiyo inchi ni milimita 25.4, futi ni milimita 304.8, na maili ni mita 1,609.344. Ajuaye kuzidisha hana la kuuliza. Kwa mwanafunzi wa lugha, walakini, swali haliishii hapo. Kabla ya kuzidisha sharti ajue neno lililo mbele yake lina maana gani, kwani jina la kipimo huweza kubaki lile lile ilhali kipimo chenyewe kimebadilika, na pengine jina moja hubeba vipimo viwili. Hoja yetu ni kwamba hasara kubwa hutokea katika jina, wala si katika hesabu.

Yafaa tuanze na vipimo vya kale vya Pwani. Vipimo hivyo vilitokana na mwili wa binadamu. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Ukiishia kwenye kidole cha shahada, hiyo ni futuri. Dhiraa, ambayo pia huitwa mkono, huanzia kwenye kiko hadi ncha za vidole. Dhiraa mbili ni wari, na dhiraa nne ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichochapishwa London mwaka 1870, aliyaorodhesha mengi ya majina haya. Hakusahau kutaja kwamba palikuwa na dhiraa ya pili, dhiraa konde, iliyopimwa kutoka kwenye kiko hadi kwenye ngumi iliyofumbwa.

Hapo ndipo tatizo letu linapoanza kujitokeza. Dhiraa kamili hukadiriwa kuwa inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Mwandishi wa leo anayesoma habari za misafara ya karne ya 19 hukuta kwamba nguo ilikuwa kama fedha: shuka ilikuwa dhiraa nne na doti dhiraa nane. Akigeuza kwa haraka ataandika kwamba doti ilikuwa mita 3.6576. Tarakimu hizo nne baada ya nukta hutoa uhakika ambao mfanyabiashara wa Bagamoyo hakuwa nao hata kidogo. Mkono wa mpimaji ukiwa mfupi, au akipima kwa konde mahali palipostahili mkono kamili, nguo hupungua na doti ikabaki doti. Zaidi ya hayo, neno lenyewe limehama. Leo anayenunua kanga huomba doti moja akiwa na maana ya vipande viwili. Hahesabu dhiraa nane. Mfasiri ambaye hakulizingatia jambo hili atampa msomaji picha ya kanga mbili mahali ambapo palikuwa na kitambaa cha takriban mita tatu na nusu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa unahusu mipaka ya nchi. Hakuna Mkenya wa Pwani asiyelijua jina la Mwambao wa Maili Kumi. Asili yake ni mapatano ya mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani, yaliyotambua kwamba Sultani wa Zanzibar ana milki ya ukanda wa pwani wenye kina cha maili kumi kuelekea bara, kuanzia kikomo cha maji yanapojaa. Mwaka 1895 ukanda wa upande wa Kenya uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, ingawa haukuacha kuhesabiwa kuwa milki ya Sultani. Ndiyo sababu, Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda huo uliendelea kuitwa himaya. Suala la hatima yake lilizusha mabishano makali hadi mapatano ya Oktoba 1963, ambayo kwayo Sultani aliachilia madai yake na ukanda ukawa sehemu ya Kenya iliyopata uhuru Desemba mwaka huo.

Sasa tuulize: maili kumi hizo ni kilomita ngapi? Anayefungua jedwali la shule atajibu kwamba ni kilomita 16. Jibu hilo si sahihi. Mapatano ya 1886 yalitaja maili za baharini. Maili ya nchi kavu ni futi 5,280, kama ilivyowekwa na Bunge la Uingereza mwaka 1593. Maili ya baharini hutokana na umbo la dunia, kwani ni sehemu moja ya sitini ya digrii ya latitudo. Waingereza waliihesabu kuwa futi 6,080, na tangu mwaka 1929 kipimo cha kimataifa ni mita 1,852. Kwa hiyo ukanda huo una kina cha kilomita 18.5. Tofauti baina ya majibu hayo mawili ni futi 8,000, yaani zaidi ya kilomita mbili za ardhi, yenye mashamba, visima na makaburi ya watu. Kiswahili, kwa kulitumia neno moja tu maili, kimeificha tofauti hiyo. Na kila anayegeuza bila kuuliza huusogeza mpaka kuelekea baharini.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya kale tu. Kenya iliacha vipimo vya Kiingereza na kuingia katika mfumo wa mita, na hati za ardhi huandikwa kwa hekta. Walakini viwanja huendelea kuuzwa kwa jina la hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Kiwanja hicho ni mita 15.24 kwa mita 30.48, ambayo ni mita za mraba 464.5, au hekta 0.0465. Wauzaji wengi hukiita pia thumuni ya ekari. Thumuni halisi ya ekari ni mita za mraba 505.9. Mnunuzi anayeyachukua majina hayo mawili kuwa kitu kimoja hupoteza mita za mraba 41, nafasi inayotosha vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi.

Kutokana na mifano hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zetu zieleze chini ya neno maili kwamba kuna ya nchi kavu na ya baharini, na chini ya dhiraa kwamba kuna ya mkono kamili na ya konde. Pili, mfasiri wa maandishi ya kale akihifadhi kipimo cha asili ndani ya matini, kisha aongeze makadirio ya mita kando yake, wala asikifute kile cha kwanza. Tatu, makadirio yasiwe na tarakimu nyingi kuliko uhakika wa aliyepima. Mwalimu wa hesabu atatupa kigawo cha kuzidishia. Ni wajibu wa mwanafunzi wa lugha kumwambia kwanza ni kipimo kipi kinachozidishwa.