Livingstone ana tembe Kwihara, Kiko Kids hawana hata kibao

Kila Desemba 9, siku ya uhuru, inapokaribia, redio zetu hufungua makabati na kutoa nyimbo za miaka ya sitini. Zitatajwa NUTA, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tabora itatajwa kama kuna nafasi. Na huu ni mji uliokuwa na bendi tatu kubwa: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, hii ya tatu ikibeba jina la utemi wa Unyanyembe ambao Kwihara imo ndani yake. Tembe la Kwihara limetunzwa kama makumbusho kwa sababu Livingstone na Stanley walikaa humo mwaka 1872. Magitaa hayana tembe.

Mwanzo wa muziki wa Tabora unafahamika: reli iliyofika mwaka 1912, santuri za GV zilizoleta rumba na chacha za Kuba, vilabu vya dansi vya mjini, kisha magitaa ya umeme.

Kilichoitofautisha Kiko Kids ni mandolini ya Salum Zahoro. Ukisikiliza zile santuri ndogo, zenye dakika tatu hivi kila upande, utaona sauti ya mwimbaji inapumzika na nyuzi zinashika usukani, noti moja ikichapwa haraka haraka mpaka inatetemeka. Mwaka 1962, huko California, Dick Dale alirekodi "Misirlou" kwa mchapo wa aina hiyohiyo, akachochea homa ya muziki wa magitaa matupu ulioitwa wa mawimbi. Baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, na mpigo ule ulitokana na udi wa Kiarabu. Tabora, mji wa Waarabu wa Oman na misafara ya pwani, haikuhitaji bahari kuupata. Sisemi mmoja alimwiga mwingine. Nasema mmoja ameandikiwa vitabu.

Ushindani haukuwa wa mchezo. Siku hizo bendi bila mtindo wake haikuhesabika. Tabora Jazz walikuja na Segere Matata, na baadaye Shem Karenga, kijana wa Kigoma, akawapa "Dada Asha", wimbo ambao hata wajukuu wanaujua bila kujua umetoka wapi. Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa ikiwaita vijana. Western Jazz, iliyoanzishwa huko mwaka 1959 na Iddi Nhende, ilijipa jina la Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Gitaa la Rashid Hanzuruni wa bendi hiyo na mtindo wake wa Saboso viliitikisa Dar. Kwa maoni yangu hapo ndipo Tabora ilipopokonywa sifa yake: waliobaki nyumbani wakawa bendi za mikoani, waliohama wakawa historia ya taifa.

Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Sahani zilitengenezwa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikazibika. Zilibaki kanda za Redio Tanzania. Mwaka 1987 ni John Storm Roberts, mgeni, aliyekusanya nyimbo za zama hizo katika albamu ya The Tanzania Sound na kuiuza Ulaya na Marekani. Hapa kwetu mwanamuziki John Kitime ameandika habari za bendi hizi kwa miaka mingi, kazi ambayo ilipaswa kufanywa na taasisi. Karenga alifariki mwaka 2014. Kilichobaki kumsimulia ni maspika ya baa.

Wenye dhamana ya makumbusho ya Kwihara watenge chumba kimoja kwa ajili ya magitaa, hata kama ni kidogo. Nawe uliye Tabora, Nzega au Urambo, kama marehemu babu aliacha santuri za Kiko Kids au Nyanyembe uvunguni, usizitupe, na usimuuzie mpita njia kwa bei ya soda. Zifute vumbi, andika jina la bendi na la mwenye nazo, halafu udai zinakiliwe kabla hujazitoa mkononi.