Uvutano Bado Una Siri

Embe likiiva linaanguka. Hilo hata mtoto analijua. Mimi lilininyima usingizi siku niliposoma kwamba wanafizikia, pamoja na usomi wao wote, hawajathibitisha kama uvutano unafuata sheria za kwanta, zile za vitu vidogo kabisa, zinazoruhusu elektroni moja iwe kama iko huku na kule kwa wakati mmoja.

Einstein alilihisi tatizo mapema. Mwaka 1916, nadharia yake ya uvutano ikiwa bado mbichi, aliandika kwamba kwanta itailazimu irekebishwe. Sawa, lakini ushahidi uko wapi?

Mwaka 1957 wataalamu walikutana Chapel Hill, Marekani. Hapo Richard Feynman akatoa fumbo: chukua kitu chenye uzito, kiweke katika hali ya kuwa huku na kule. Je, uvutano wake nao utakuwa huku na kule? Swali tamu, jaribio gumu, maana uvutano ni dhaifu mno. Sumaku ndogo tu inanyanyua msumari, na dunia nzima inayouvuta chini inashindwa!

Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner walionyesha kuwa uvutano wa dunia unayagusa mawimbi ya nyutroni. Kazi nzuri, ila tusidanganyane: nyutroni ndiyo ilikuwa ya kikwanta. Uvutano wenyewe haukuulizwa kitu.

Njia mpya ilikuja 2017, kutoka kwa Sougato Bose na wenzake, na pia Chiara Marletto na Vlatko Vedral. Weka vitu viwili vidogo, kila kimoja huku na kule, visigusane, katikati uwepo uvutano peke yake. Hali zao zikifungamana kikwanta, basi mshenga naye ni wa kikwanta. Asingeweza kupeleka ujumbe asioujua. Wapo wanaobisha hoja hiyo, na wana haki.

Tatizo ni vipimo. Mwaka 2021, kule Vienna, walipima mvuto kati ya vitufe viwili vya dhahabu, kila kimoja kama miligramu 90. Lakini molekuli zilizowekwa huku na kule mwaka 2019 zilikuwa na atomu kama 2,000 tu. Pengo hilo, jamani, ni bahari.

Feynman alifariki 1988 bila jibu. Sisi wenye haraka ya kumaliza hadithi tumkumbuke: aliuliza vizuri, akawaachia wengine kazi.