Jinsi vifuniko vya plastiki vinavyosogeza mbele taya lililorudi nyuma

TAYA la chini linaporudi nyuma, kidevu huonekana kifupi na meno ya mbele ya juu hutokeza, yakawa rahisi kuvunjika mtoto anapoanguka. Daktari Mmarekani, Edward Angle, alipoainisha kasoro za ukutanaji wa meno mwaka 1899, hali hii aliiweka katika daraja la pili.

Kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa nyaya za meno au vifaa vinene vya kuvaliwa mdomoni. Mwaka 2017, kampuni ya Align Technology ya Marekani ilileta vifuniko vya plastiki angavu vinavyopanga meno huku vikisogeza taya mbele.

Je, hufanyaje kazi? Kila kifuniko hutofautiana kidogo na mpangilio wa meno yalivyo. Kikivaliwa hujipinda, na katika kurejea umbo lake hulisukuma jino kwa takriban robo milimita. Mfupa huyeyuka upande linakoelekea jino, na mpya hujengeka linakotoka.

Kwa ajili ya taya, vifuniko hutiwa mabawa ubavuni. Mabawa ya juu na ya chini hukingamana, hivyo mvaaji hulazimika kufumba kinywa taya likiwa mbele. Misuli nayo hulivuta lirudi. Nguvu hiyo hupitia mabawani hadi kwenye meno: ya juu husukumwa nyuma, ya chini mbele.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kuwa macho. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokana na kusogea kwa meno. Ukuaji wa taya huchangia milimita chache tu, tena hutegemea umri. Wakati mwafaka ni ule wa kubalehe, kimo kinapoongezeka kwa kasi, na wasichana huufikia mapema kuliko wavulana.

Mtu mzima akivaa vifuniko, meno yatapangika lakini taya halitarefuka. Likiwa limerudi nyuma sana, upasuaji ndio unaoweza kulisogeza.

Isitoshe, kifuniko kilicho mfukoni hakina nguvu yoyote. Hutakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, kikivuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki.

Hivyo basi, kabla ya kugharimika, muulize daktari bingwa wa kunyoosha meno maswali mawili: Je, mtoto angali anakua? Na kitakachosogea ni taya au ni meno tu?