Goti Bandia kwa Mtu Aliyepandikizwa Figo

Leo tunajibu swali moja: mtu aliyewekewa figo ya mtu mwingine, goti lake likiharibika hadi ashindwe kutembea, anaweza kuwekewa goti bandia? Ndiyo, anaweza. Lakini anahitaji uangalifu kuliko wagonjwa wengine. Ili tuelewe sababu, turudi nyuma kidogo.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakampa ndugu yake, Richard. Hawa walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hiyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa ngeni. Aliishi miaka minane zaidi.

Lakini ni wagonjwa wangapi wana pacha? Katika miaka ya 1960, madaktari walianza kutumia dawa za kutuliza kinga ya mwili ili isiikatae figo ya mtu mwingine. Mojawapo ni prednisoloni. Wagonjwa wengi walipona, lakini shida mpya ikatokea. Dawa hiyo ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa. Wengine mfupa wa nyonga au wa goti ulikosa damu, ukafa. Figo ilikuwa salama, lakini mwenyewe hawezi kusimama.

Wakati huohuo, upasuaji wa viungo ulikuwa ukiendelea. Mwaka 1962, huko Uingereza, Daktari John Charnley alifaulu kuweka nyonga bandia iliyodumu. Mwaka 1968, Frank Gunston kutoka Kanada, akifanya kazi katika hospitali ya Charnley, alianza kuweka goti la chuma na plastiki. Goti hilo liliboreshwa sana katika miaka ya 1970.

Katika miaka ya 1980 ikaja dawa ya saiklosporini. Prednisoloni ikapunguzwa, na mifupa ikapata nafuu. Waliopandikizwa figo wakaanza kuishi miaka mingi, na magoti yao yakaanza kuchakaa kwa uzee kama ya watu wengine.

Matokeo ya upasuaji yakoje? Wengi wa waliopandikizwa figo hupata nafuu kubwa: maumivu hupungua na hutembea vizuri. Hata hivyo, mara nyingi hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na hatari ya vijidudu kuingia katika goti ni kubwa zaidi. Dawa inayolinda figo ndiyo hiyo inayopunguza kinga.

Leo Kenya upandikizaji wa figo hufanywa Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta, na Eldoret katika Hospitali ya Moi. Wengine husafiri hadi India. Lakini mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo wewe mama ndiwe mlinzi wake.

Kumbuka mambo haya:

Kwanza, asiache dawa zake za figo hata siku moja bila kuambiwa na daktari. Kabla ya upasuaji, daktari wa figo na daktari wa mifupa lazima wazungumze.

Pili, goti likiuma, usimpe dawa za dukani kama brufeni au diklofenaki. Zinaweza kuharibu figo. Miti shamba pia, muulize daktari kwanza.

Tatu, chemsha maziwa kabisa, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia. Tunajua wengi wetu tumezoea maziwa mabichi. Lakini ugonjwa wa bruselosi hupita katika maziwa hayo, na unaweza kukaa ndani ya goti bandia.

Nne, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Usipake kinyesi cha mifugo, majivu wala samli.

Tano, angalia goti kila siku. Likiwa jekundu, la moto, linatoa maji au usaha, au maumivu yanazidi, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Isiolo mara moja. Usingoje homa. Dawa zake zinaweza kuificha.

Figo ile ilitolewa na mtu kwa upendo. Tuitunze pamoja na goti.