Watunzaji wa Kiini: Historia ya Ujenzi wa Linux hadi Simu za Busia

Simu janja zinazouzwa katika vibanda vya Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, ziwe za Tecno, Infinix, itel au Samsung, hutofautiana kwa bei, kwa ukubwa wa kioo na kwa uwezo wa betri, lakini karibu zote huendeshwa na Android, na chini ya Android imo programu ambayo mnunuzi haioni wala haiulizii. Programu hiyo ni kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ambayo hugawa muda wa kichakataji na nafasi ya kumbukumbu baina ya programu nyingine, na kuzungumza na kamera, redio na kioo kwa niaba ya programu hizo. Kiini hichohicho ndicho kinachoendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani tangu Novemba 2017. Upana huo haukuletwa na ubunifu pekee; umetokana pia na utunzaji wa muda mrefu wa mambo mawili yasiyompa mtu sifa nyingi, ambayo ni mfumo wa kukijenga kiini na orodha ya vichakataji kinavyovielewa.

Kujenga, kwa maana ya wahandisi wa programu, ni kuyageuza maandishi ya mwandishi kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Maandishi hayo, yanayoitwa msimbo, kwa kiasi kikubwa yameandikwa kwa lugha ya C, na programu iitwayo kompaila huyafasiri faili baada ya faili. Kwa kuwa kila ukoo wa vichakataji una seti yake ya amri, msimbo mmoja hufasiriwa kwa namna tofauti kwa kila ukoo, na sehemu chache, kama vile ile inayoiamsha mashine na ile inayopanga kumbukumbu, hazina budi kuandikwa upya kwa kila mmoja. Mpangilio wa kazi hii husimamiwa na chombo kiitwacho make, kilichobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, ambacho huangalia ni faili zipi zimebadilika ili hizo tu zifasiriwe tena.

Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alipotoa toleo la 0.01 mnamo Septemba 1991, kiini chake kilikuwa na takriban mistari 10,000 ya msimbo na kilitegemea kichakataji cha Intel 386 kwa kiasi kwamba mwenyewe alitangaza kuwa hakingeweza kuhamishiwa mashine nyingine. Utabiri huo haukudumu. Mwaka 1994 Jon Hall, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Digital ya Marekani, alimpatia Torvalds kompyuta yenye kichakataji cha Alpha, na toleo la 1.2 la Machi 1995 likatoka likiwa na uwezo wa kuendesha Alpha, MIPS na SPARC pamoja na Intel. Zoezi hilo lilimlazimisha kutenganisha yaliyo ya mashine zote na yaliyo ya mashine moja moja, na haya ya pili yakawekwa katika saraka iitwayo arch, ambamo kila ukoo wa vichakataji una chumba chake hadi leo. Mgawanyo huo, pengine kuliko uamuzi mwingine wowote wa miaka hiyo, ndio uliokifungulia kiini njia ya kuingia katika simu.

Vichakataji na vifaa vilipoongezeka, ndivyo maswali yalivyoongezeka kwa anayejenga: je, kiini kiwe na uwezo wa kutumia kadi hii ya mtandao, mfumo ule wa faili, kichakataji kile? Kuyajibu maswali hayo huitwa usanidi, na kufikia mwaka 2000 hati za usanidi zilikuwa zimejaa viraka. Watu wawili walijitolea kuufumua mfumo mzima. Eric Raymond aliandika CML2, lugha mpya ya usanidi iliyohitaji lugha ya programu ya Python, na Keith Owens akaandika kbuild 2.5, mfumo mpya kabisa wa ujenzi. Miradi yote miwili ilikuwa na hoja nzito za kiufundi, na yote miwili ilishindwa kupokelewa, kwa kuwa ilitaka kumezwa kwa mkupuo na jumuiya ambayo imezoea kupima mabadiliko kipande kwa kipande. Aliyefaulu mwaka 2002 alikuwa Roman Zippel, ambaye Kconfig yake, iliyoandikwa kwa C na kuja na njia ya kuzihamisha hati za zamani, iliingia katika toleo la 2.5.45, huku Kai Germaschewski akiurekebisha mfumo wa ujenzi uliokuwepo, uitwao Kbuild, kwa hatua ndogondogo. Ni vigumu kutomhurumia Owens, lakini ni vigumu pia kudai kwamba waliomkatalia walikosea, kwa maana Kbuild na Kconfig za mwaka ule ndizo zinazotumika hata sasa, zikiwa zimekarabatiwa mara nyingi bila kubomolewa.

Mtihani mkubwa zaidi uliletwa na ARM, usanifu uliozaliwa katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza, ambako chipu ya kwanza iliwashwa mwaka 1985. Russell King alianza kukihamishia kiini huko mwaka 1994, wakati hakuna aliyejua kwamba karibu kila simu duniani ingekuja kutumia vichakataji vya ukoo huo. Kompyuta ya kawaida huweza kuulizwa ina vifaa gani, nayo ikajibu. Chipu ya simu haijibu, hivyo kila mtengenezaji aliorodhesha vifaa vyake ndani ya msimbo wa kiini, na kiini kilichojengwa kwa chipu ya kampuni moja hakikuweza kuamka katika chipu ya nyingine. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika hadharani kuhusu rundo hilo. Suluhisho lilikuwa mti wa vifaa, yaani hati inayoieleza mashine na kukabidhiwa kiini wakati wa kuwashwa, mbinu iliyokuwa tayari ikitumika katika kompyuta za Sun na za PowerPC. Madereva wa malori ya Malaba wanaijua tofauti ya namna hiyo, kwa kuwa kabla ya Himaya Moja ya Forodha kuanza kutumika mwaka 2014 mzigo ulishughulikiwa upya mpakani, ilhali baadaye taarifa zake zilimalizwa Mombasa na kulitangulia lori. Toleo la 3.7 la Desemba 2012 ndilo la kwanza ambalo kiini kimoja kiliweza kujengwa kwa chipu za ARM za kampuni mbalimbali kwa pamoja, na toleo hilohilo lilileta ARM ya biti 64.

Hata hivyo, mnunuzi wa Busia hakunufaika mara moja. Watengenezaji wa chipu waliendelea kuchukua nakala ya kiini, kuipachika viendeshi vyao, yaani vipande vya msimbo vinavyotawala kifaa kimoja kimoja, kisha kuiacha nakala hiyo izeeke ndani ya simu bila marekebisho ya usalama. Google ilijaribu kuuziba mwanya huo kwa kiini cha jumla, ambacho simu zinazotoka na Android 12 na kiini cha 5.10 zilitakiwa kukitumia, viendeshi vya mtengenezaji vikiwekwa kando kama moduli. Kwa hiyo hata simu za Neon, zilizoanza kuunganishwa Athi River, Kenya, mwaka 2023, hutegemea maamuzi yaliyofanywa mbali sana na kiwanda hicho. Afrika Mashariki yenyewe iliingia katika ulimwengu wa programu huria kwa mlango wa lugha: mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kazi ya kupongezwa, ingawa ilihusu programu za ofisini na haikugusa kiini.

Kutunza ni pamoja na kuondoa. Kanuni isiyokwepeka ni kwamba kichakataji hubaki maadamu yupo mtu anayekijaribu na kujibu hitilafu zake, kwa kuwa msimbo usio na mwenyewe humzuia kila anayetaka kubadilisha kitu kingine. Toleo la 3.8 la mwaka 2013 liliiaga 386, chipu ambayo juu yake Linux ilizaliwa. Mwaka 2018 Arnd Bergmann aliondoa koo nane kwa pamoja katika toleo la 4.17, karibu mistari nusu milioni, wakati RISC-V, usanifu usiodai ada ya leseni, ulikuwa umeingia miezi michache kabla. Itanium ya Intel ilifuata kuondoka katika toleo la 6.7. Kwa shule na ofisi zinazotegemea kompyuta za mitumba, linalouma zaidi si kiini bali wasambazaji wake: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za Intel za biti 32, ijapokuwa kiini chenyewe bado kinaweza kujengwa kwa ajili yake.

Orodha ya waliobeba Kbuild ni fupi kwa mradi wenye maelfu ya wachangiaji. Baada ya Germaschewski alikuja Sam Ravnborg wa Denmark, kisha Michal Marek kuanzia 2009, kisha Masahiro Yamada wa Japani kuanzia 2017. Yamada alipong'atuka mwaka 2025, Kbuild ilichukuliwa na Nathan Chancellor na Nicolas Schier, ilhali Kconfig, inayouliza maswali yote ya usanidi kabla ya kiini chochote kujengwa, ilisajiliwa kwanza kuwa haina mwenyewe.