Krismasi ya Mbinga kabla ya DJ: gwaride lililogeuka pati

Bajeti ya pati inaisha yote kwa DJ? Poa. Ila kule Mbinga na Nyasa, kuanzia milima ya Umatengo mpaka Liuli na Mbamba Bay ziwani, burudani ya sikukuu ina jina lake: mganda.

Stori inaanzia vitani. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo. Vita ikazoa vijana, huyu askari, yule mpagazi. Wengi hawakurudi. Gwaride lenyewe vijana wakaligeuza ngoma: mistari imenyooka, kaptula na shati jeupe, soksi ndefu, filimbi, na vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, vinaunguruma kama tarumbeta. Na vyeo juu! Kapteni, daktari... Yaani jana unabebeshwa mizigo kama punda, leo unatoa amri wewe.

Wanaume tu lakini. Kina mama nao hawakubaki kupiga makofi pembeni. Wana kioda yao, sare zao, mistari yao.

Utamu ni mashindano. Kijiji kinaalika kijiji, wageni wanapikiwa, halafu vumbi linatimka. Ukikosea hatua mbele ya wageni, jiandae kutaniwa mpaka Krismasi ijayo.

Wa mjini, buibui waacheni. Kitana na kipande cha nailoni kinaunguruma vilevile. Gaweni timu mbili, filimbi moja, sare za mtumba. Kapteni mchagueni yule anayependa sana kuamrisha watu kwenye grupu la WhatsApp.