SAFU YA LUGHA: Mandhari na mapambo

Kila Desemba neno "mandhari" hubebeshwa mzigo usio wake. Mtu huweka picha ya mti wa Krismasi nyuma ya aikoni za kompyuta yake na kusema amebadilisha mandhari. Hapo yuko sahihi. Kisha hupakua Xsnow, programu ya Rick Jansen iliyofika kwenye mifumo ya Unix mwaka 1993. Theluji ikaanza kudondoka na kurundikana juu ya madirisha, Baba Krismasi akikatiza na kulungu wake. Hiyo nayo huiita mandhari. La, hayo ni mapambo.

Mandhari tumeyapata kwa Waarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa nadhari na nadharia. Ni kile jicho linachokipokea likitupwa mbele: bonde la Ngorongoro ukiwa ukingoni, au bahari ukiwa Forodhani. Ndiyo maana picha iliyotanda nyuma ya kila kitu kwenye skrini imestahili jina hilo. Pambo huongezwa juu ya kilichopo ili kipendeze, na likiondolewa mandhari hubaki palepale.

Wapo pia wanaosema wameitia kompyuta nakshi. Nakshi huchongwa, huchorwa au hutariziwa, kama kwenye milango ya Lamu na Unguja; haifutwi Januari. Basi sikukuu hizi pamba kompyuta yako upendavyo, ila ukiandika, andika mandhari kwa "dh" na "r". "Mandhali" si neno.